Amri ya Mtu Mwenye Ng'ombe Watatu

Mwanangu, siku niliyojificha nyuma ya mbuzi katika soko la Rangwe naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyooa. Nilikuwa mwanamume mzima, mwenye ndevu, nimechuchumaa kati ya mbuzi wa watu, na niliyekuwa namkimbia ni binti yangu wa miaka sita.

Ngoja nianze mwanzo. Mimi ni mtu wa Lambwe. Nilimwoa Boke, Mkuria kutoka upande wa Migori, na nyumbani tulisemezana Kiswahili kwa sababu Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea maji tu, na mimi Kikuria sikukijua kabisa. Tulipoachana, yeye alianza kazi ya ushonaji Rangwe, na hakimu wa Homa Bay akaandika amri tuliyokubaliana sote wawili. Mtoto wetu, Adhiambo, angekaa na mama yake. Mimi, kwa kuwa sikuwa na mshahara, ningepeleka mtungi wa maziwa kila Jumamosi na magunia mawili ya mahindi kila mavuno, kisha nishinde na mtoto mpaka jioni. Wakati huo nilikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa, na nilijiona tajiri.

Mwaka uliofuata ugonjwa wa mbung'o uliingia zizini kwangu. Wote watatu walikufa katika mwezi mmoja. Nililia, wala sioni haya kusema hivyo. Lakini kilichonishinda zaidi ni ile Jumamosi. Nilivyolelewa mimi, mwanamume haendi kwa mtoto wake mikono mitupu. Nikajiambia nitakwenda wiki ijayo, nikipata kitu. Wiki ikawa mwezi. Mwishowe nikaamini kwamba asiyepeleka maziwa hana haki ya kumwona mtoto, kana kwamba nilikuwa nikinunua kuonana naye.

Ndipo siku ile ya mbuzi nikapita Rangwe kutafuta kibarua. Nikamwona Adhiambo ameketi kando ya cherehani ya mama yake, amevaa gauni la kanisani na ni Jumamosi, macho yako barabarani. Alikuwa ananingoja. Nikajificha mpaka alipoitwa ndani kula, kisha nikaondoka kwa njia ya nyuma. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Boke alirudi mahakamani, na chifu akaniletea wito. Nilijua nitafungwa. Hakimu, mama mmoja mfupi mwenye miwani, aliniuliza ng'ombe walikufa lini.

"Mwezi wa pili, mheshimiwa."

"Na saa hii tuko wa saba. Mimi ningejuaje? Hii amri niliandikia mtu ako na ng'ombe watatu. Huyo mtu hayuko tena, na hukukuja kuniambia."

"Niliona haya, mheshimiwa. Hata kwa mtoto singeenda mikono mitupu."

Akavua miwani. "Baba Adhiambo, ng'ombe walikufa, sawa. Na miguu yako, ilikufa pia?"

Watu kortini walicheka. Mimi sikucheka, wala Boke hakucheka.

Alinielekeza niandike ombi, chifu akathibitisha habari ya ng'ombe, na baada ya wiki mbili amri ikabadilishwa. Maziwa yaliondolewa, mahindi yakabaki, na Jumamosi zangu zikabaki. Deni la maziwa ya miezi mitano iliyopita hakulifuta. Alisema ningekuja mapema angenisaidia.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda bila kitu. Adhiambo hakunikimbilia. Alisimama mbali kidogo akinitazama, kisha akaja akagusa mkono wangu.

"Baba, umepona? Mama alisema ulikuwa mgonjwa."

Nikamtazama Boke. Aliinamisha kichwa akaendelea kushona. Mwanamke niliyemwacha bila hata tone la maziwa alikuwa amenitunzia jina langu kwa mtoto. Nikasema nimepona.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe ambaye sasa una amri kama yangu. Amri ya mtoto huandikwa kwa hali ya siku ile. Ukiachishwa kazi, ukiugua, ukihamia mbali, rudi mahakamani mapema useme, ukiwa na karatasi za kuonyesha. Usipatane na mwenzako kwa mdomo tu ukadhani yamekwisha. Ukipata zaidi, rudi pia; najua hiyo hutaki kuisikia, lakini mtoto naye anakua na anakula zaidi. Wakati unangoja jibu, endelea kutoa ulicho nacho, hata kikiwa kidogo. Na siku ya kumwona mtoto usiikose kwa sababu huna cha kubeba. Adhiambo hakuwahi kuniuliza habari ya maziwa, hata mara moja.

Mungu akulindie riziki yako. Na siku ikipungua, akupe uso wa kusimama mbele ya hakimu ukasema kweli, na akufikishe mlangoni kwa mtoto wako angali anakungoja.