Kikaango na Viti vya Sendofu ya Loveness

Mariana anaitwa Kikaango. Hakuomba, hapendi, na ukimwita hivyo mbele ya mteja anakurushia brashi ya rangi. Lakini hapa Kahama, kuanzia stendi mpaka kwenye mashine za mpunga, ukiulizia "Mariana fundi wa kuchomelea" watu wanakutazama tu. Sema Kikaango, unasindikizwa mpaka mlangoni.

Ilianzia kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani. Mariana kazi yake ni kuokota vyuma chakavu na kuvigeuza fenicha za kukalia nje. Siku hiyo kaleta viti alivyounda kwa milango ya friji zilizokufa. Vinang'aa hatari! Akavipanga uani tangu asubuhi, juani, na jua lenyewe hili letu la Shinyanga lisilo na aibu. Saa saba wageni wakatoka kanisani, wakakaa. Wakanyanyuka. Wote kwa mpigo mmoja, ungesema umepigwa wimbo wa taifa. Mzee Mabula akajikaza kidogo, halafu naye akaruka. "Jamani, hapa mnakaanga nini?"

Basi. Pilau halijapakuliwa, magrupu yote ya WhatsApp yana picha ya kiti na yai juu yake.

Sasa mdogo wake, Loveness, akapata mchumba, sendofu ya kumuaga ikapangwa uani kwao. Mariana alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake aagwe akiwa amekaa kwenye kiti kilichotoka mikononi mwake. Shangazi yao Mama Edson, mwenyekiti wa kamati, hakumwacha hata amalize.

"Tunakodi plastiki. Wakwe wanatoka Geita kuchukua mke, hawaji kuungua makalio."

"Shangazi, nimevibadilisha."

"Hata vile vya friji ulisema vizuri."

Na kweli alikuwa kavibadilisha. Mabati yote kang'oa, kabakiza fremu. Pa kukalia kasuka kwa viroba vya mchele alivyovichana vyembamba kama ukindu, ule msuko wa mikeka aliofundishwa na bibi yake kule Samuye. Mikono ya viti kaizungushia kamba ya manila. Upepo unapita chini, joto halikai. Vitanda vya chuma vya bweni vimekuwa mabenchi. Kuna na kabati la faili: kalichoma mpaka rangi yote ikaisha, droo ya chini ya mkaa, ya juu kaweka wavu. Zamani lilitunza barua za ofisi, siku hizi linatunza mbavu za mbuzi.

"Basi kikao cha kesho tukae uani kwangu," Mariana akasema. "Saa saba, bila turubai. Ukinyanyuka kwa joto, plastiki nakodi mwenyewe na sisemi neno."

Mama Edson na mashindano? Hajawahi kukataa.

Kesho yake akaja na mwavuli na uso wa hakimu. Akajishusha polepole, kama kuku anayetamia mayai ya mwenzake. Mariana kasimama nyuma yake. Kamati ikajadili keki. Ikagombana kuhusu mshereheshaji. Ikarudi tena kwenye keki.

"Mwenyekiti, unaonaje?" akauliza Lusia, katibu.

Lusia akainama chini ya mwavuli. Mama Edson mdomo wazi, kichwa begani.

"Mayu, mama yangu! Amelala!"

"Silali," Mama Edson akajibu bila kufumbua macho. "Naiombea kamati."

"Kwa kukoroma, shangazi?" Mariana akadakia.

"Kila mtu na sala yake." Akajisogeza, akakaa vizuri zaidi. "Na hiyo plastiki msikodi."

Siku yenyewe Loveness akalia machozi ya kuaga kwenye kiti cha dada yake, wakwe wakaganda kwenye kabati la faili mpaka mbavu zikaisha. Padri akachelewa, akakuta viti vimejaa, akasimama karibu na Mama Edson kimtegomtego. Mama akamwonyesha benchi.

"Baba Paroko, shikamoo. Pale pana upepo mzuri zaidi."

Hakunyanyuka hata inchi. Mariana, koleo la nyama mkononi, alicheka mpaka akapaliwa na moshi.

Haya, na nyie wa Mhunze, Geita na kwingineko: kwenu chuma gani chakavu kimepewa kazi mpya, na nani alikibishia mwanzoni? Tupieni hapo chini na picha. Za mtu aliyepitiwa na usingizi ndizo tunazozitaka zaidi.