Minyoo Wasio na Msimamizi

Kuna siku haijanitoka kichwani, mwanangu, tangu nikiwa kijana nikiosha vyombo vya maabara ndogo pale Busia. Sijasoma sana, nikipotosha kitu hapa, nisamehe.

Nekesa, mwanafunzi aliyekuwa akitafuta digrii, alifuga minyoo wembamba kuliko uzi. Aliniita nichungulie kwenye hadubini. Loo! Nilidhani ni vumbi, kumbe wanajinyonganyonga, na mayai yanaonekana tumboni! Akanieleza kwamba oksijeni ikipungua, ndani ya mnyoo kuna msimamizi anayeamsha jeni fulani zifanye kazi, mnyoo asife. Yeye alitafuta ni jeni zipi zinazomsikiliza huyo msimamizi. Aliwafungia minyoo kwenye sanduku, akaingiza gesi ya kufukuza hewa, kisha akapima. Jeni nyingi ajabu ziliamka. Akaruka kwa furaha.

Daktari Amoit, mwalimu wake, mama mpole wa kutoka Angurai, akamuuliza, "Na wale minyoo wako wengine, waliozaliwa bila msimamizi, umewaweka ndani?"

"Bado, mama. Gesi imebaki ya mara moja tu, mtungi mwingine umekwama Malaba kwenye foleni ya malori. Nilitaka nirudie hawa wa kawaida, niandike, nimalize."

"Sasa utajuaje ni yeye aliyeziamsha? Pengine ni jirani yake alipiga kelele."

"Lakini mama, jeni zangu zikipungua, nitabaki na nini cha kuonyesha?"

"Ama unataka nikusainie uvumi?"

 Simlaumu Nekesa kwa kusita, digrii yenyewe ilikuwa hapo, na ningekuwa yeye sijui kama ningekubali. Kisha akawafungulia gesi ya mwisho wale wasio na msimamizi.

Majibu yalipotoka, jeni nyingi zilikuwa zimeamka hata kwa hao. Kumbe zilikuwa na mkubwa mwingine. Zilizobaki kimya zilikuwa chache, na hizo ndizo zilizokuwa za msimamizi kweli. Nekesa alilia, halafu akacheka: "Hizi hakuna mtu ataninyang'anya!"

Mpaka leo nashangaa. Kiumbe kidogo vile, ndani yake kuna anayesikiliza hewa! Na waliniambia hata mimi na wewe tunaye wa ukoo huo.

Mwanangu, kabla hujasema fulani ndiye aliyeleta jambo, zuri au baya, kaangalie kwanza pale ambapo yeye hayupo. Ukilikuta na huko, mwondolee lawama. Na sifa pia usimpe za bure. Mungu akupe pumzi ndefu, na moyo wa kuuliza tena hata pale jibu la kwanza limekufurahisha.