Bia za Kumpongeza Kaka

Miaka ile ya sabini tulikaa ughaibuni, mtaa wa Rågsved, mimi na kaka yangu, chumba kimoja na jiko. Daktari alikuwa amemwonya kuwa mapafu yake yamechoka, aache sigara. Akaacha. Wiki sita alitafuna karafuu nilizomnunulia, kikohozi kikapungua, nami nikaanza kuota tunarudi Tanga pamoja, yeye akipanda ngazi bila kuhema.

Jumamosi moja mchana nikaona apongezwe. Kwetu mtu hapongezwi kwa mikono mitupu, basi nikanunua bia dukani.

"Za nani hizi, mdogo wangu?"

"Zako, shujaa wangu!"

Akacheka sana. Chupa ya kwanza alinisimulia vichekesho. Ya pili, vidole vikaanza kupapasa mfuko wa shati. Ya tatu, akavaa koti.

"Napunga upepo kidogo."

Dirishani nilimwona akimwomba mzee mmoja sigara, kisha akavuta akinipa mgongo. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa sijawahi kumwona akinywa bila kuvuta, hata siku moja.

Aliporudi nilikuwa nalia.

"Ni moja tu, bwana. Usilie."

Jumatatu alirudi kutoka kazini na pakiti nzima, na karafuu sikuzinunua tena.