Ng'ombe Aliyebaki kwa Mama Mifugo

Jina la Mama Mifugo alipewa zamani, enzi zizi lake likijaa mpaka ndama wanalala nje. Ukame ukachukua mifugo, jina likabaki. Mumewe akaondoka na ng'ombe wachache waliosalia kwenda mbali kutafuta malisho, akamwachia ng'ombe mmoja, Kijivu, kwa ajili ya maziwa ya mtoto wao mdogo. Uji mtupu mtoto yule alikuwa anautema.

Jirani yake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi aliuza ng'ombe mapema, wangali na minofu, akajaza stoo unga na pumba. Mama Mifugo alicheka siku ile mpaka akashika mbavu: "Mwanamke gani anauza utajiri anunue makapi!" Sasa moshi ukifuka jikoni kwa wifi, roho inamuuma. Lo, inamuuma! Hata wifi akikohoa, yeye anasikia majivuno.

Asubuhi moja Kijivu hakusimama. Ng'ombe aliyekonda hivyo huinuliwa kwa mikono, huyu mkiani, yule pembeni mwa mbavu, tena mapema. Akiachwa alale ubavu, tumbo linajaa hewa, basi tena. Mama Mifugo alilijua hilo tangu utotoni. Lakini kuita msaada ni kumwita wifi, na wifi aone! Akavuta mkia peke yake. Akasukuma. Kijivu akahema tu. Akamtupia turubai, eti asionekane.

"Wifi, huyo ana baridi?" sauti ikatoka ng'ambo ya ua.

"Amepumzika."

"Kwa jua hili? Acha ukaidi wako, shika mkia!"

Wakainua, wakashindwa, wakainua tena. Kijivu akasimama akitetemeka. Halafu, bila haya, akajikokota hadi kwa wifi, akatumbukiza mdomo kwenye karai la pumba.

"Hata wewe!" Mama Mifugo alimfokea.

Wifi hakucheka. Bora angecheka.

"Mwache ale. Akipata nguvu, utamkamulia hapa hapa."

Maziwa yalirudi baada ya siku kadhaa, kidogo kidogo. Mama Mifugo alichuchumaa uani kwa wifi akakamua, mtoto akanywa kikombe chote, akajifuta mdomo.

"Asante, shangazi," mtoto akasema.

Mama Mifugo, vidole vimelowa maziwa, akaitikia.

"Ndiyo, mwanangu. Mshukuru shangazi."

Ilimuuma, Mungu anajua. Akainama, akaendelea kukamua.