Hitima ya Kitabu cha Kizungu

Kila sifa njema imrudie Mola wangu, aliyenileta duniani nikiwa sina neno kinywani akanipa maneno, akanipa wazazi walioijua kibla, na akaniacha na pumzi mpaka meno yameng'oka na macho bado yanasoma. Nilimwomba subira akanipa, nyingi kuliko ninavyostahili. Lakini liko jambo moja ambalo subira yangu haijalifikia. Wanaolikumbuka sasa ni wachache, nami nitaliandika kama lilivyokuwa. Sitamdanganya msomaji kwamba hasira yangu imepoa. Haijapoa.

Nimezaliwa Bagamoyo, katika nyumba ya mawe nyuma ya msikiti. Baba alikuwa mfanyabiashara wa sandarusi, ile gundi ya miti inayochimbwa ardhini. Miaka ninayoisema ni ile kabla ya mizinga ya Wajerumani, mji ukiwa bado wa Sayyid wa Unguja na Liwali wake. Misafara ya bara ilianzia kwetu, na Waingereza walikuja kukodi wapagazi, kununua vitambaa vya merikani na shanga, kisha wakavuka mto Kingani wakapotelea huko. Baba aliona kwamba kila neno baina ya Mzungu na watu wetu lilipita mdomoni mwa mkalimani, na kila lilipopita lilipungua. Akaamua mwanawe mdogo ajue Kiingereza. Mwanawe mkubwa, kaka yangu, alikwisha kuwa mnyapara wa wapagazi, kazi aliyoipenda, na hakuwa na nafasi ya kukaa mkekani.

Mwalimu alipatikana palepale mjini. Alikuwa mtu wetu, Mwislamu, mwenye kilemba kizuri na sauti nzuri zaidi. Ujanani alikwenda Bombei na kukaa huko miaka kadhaa, akarudi na kitabu kimoja cha Kiingereza chenye jalada la ngozi. Mchana aliandika mahesabu katika duka la Muhindi mmoja, na baada ya alasiri alitufundisha uani nyuma ya duka hilo, kwenye harufu ya karafuu na ngozi mbichi. Watu walimwita Mwalimu wa Kizungu na wakimpisha njiani.

Asubuhi nilikwenda chuoni kusoma Kurani kama watoto wote, na jioni nilikwenda kwake. Njia ya kusoma ilikuwa ileile. Tuliketi tukizunguka kitabu, yeye akasoma mstari, sisi tukaupokea kwa sauti huku tukiyumba mbele na nyuma. Kitabu kilikuwa kimoja na wanafunzi wengi, basi kila mmoja alikisoma kutoka upande aliokaa. Mimi nilikaa ubavuni, na mpaka leo nikipewa maandishi ya Kizungu mkono wangu hutaka kuyalaza. Rafiki yangu aliyekaa mkabala wa mwalimu alijua kusoma kichwa chini miguu juu tu, na ukimgeuzia kitabu alikuwa kipofu.

Hakuna aliyeuliza maana. Ajabu hiyo mgeni huiona kubwa, lakini kwetu haikuwa ajabu. Chuoni pia hatukuuliza. Mtoto husoma Kurani toka alifu mpaka mwisho, akahitimu, na maana huja baadaye kwa aliyejaliwa kukaa na wanavyuoni. Tulidhani elimu zote huingia kwa mlango huohuo. Mara moja nilithubutu kuuliza neno fulani ni kitu gani, na mwalimu akanitazama kwa huruma.

“Wewe unataka kula ugali ungali mahindi,” alisema. “Maliza kwanza.”

Wenzangu walicheka, nami nikamaliza.

Na nilipomaliza baba alifanya jambo ambalo sijasikia kwamba limefanywa mji mwingine wowote. Alinifanyia hitima. Alichinja mbuzi, akapika pilau, akaazima joho la mjomba wangu nikavishwa likiburuta chini. Wanafunzi wenzangu walinizungusha mtaa kwa dufu, wanawake wakapiga vigelegele madirishani, udi ukafukizwa, nami nikaketishwa barazani mbele ya wazee nikasoma ukurasa wa mwisho wa kitabu cha Kizungu kwa maghani, bila kukosa hata kidogo. Wazee walisema mashaallah. Mama alilia. Kaka yangu, aliyekuwa na mikono mikubwa ya kubebea mizigo, alinichukua mabegani mbele ya watu wote akasema kwamba sasa nyumba yetu ina ulimi.

Mwalimu alipewa kanzu mpya na sahani yake ya peke yake.

Haikupita muda mrefu, kaka aliajiriwa katika msafara wa Mwingereza mmoja. Walivuka Kingani wakapiga kambi ya kwanza ng'ambo, kama ilivyokuwa ada, ili waliosahau kitu wakirudie na wanaotaka kutoroka watoroke mapema. Mkalimani wa Mzungu huyo alikuwa mtu wa Unguja, mwenye viatu. Alasiri moja, wapagazi wakiwa mtoni kuoga, kaka alimwona mkalimani akifungua mtumba wa merikani na kumkabidhi mtu wake, naye mtu akaondoka nao kuelekea kijiji cha Mlingotini. Kaka hakujua kunyamaza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzungu akamweleza yote.

Lakini alimweleza kwa mdomo wa nani? Wa mkalimani yuleyule. Hakukuwa na mdomo mwingine kambini. Kaka alisema, “Nimemwona huyu akitoa mtumba,” na mkalimani akageuza uso kwa Mzungu, akasema aliyoyasema. Kaka aliona Mzungu anakunja uso, akafurahi, akidhani amesikika. Dakika hiyohiyo askari wakamfunga yeye mikono. Maneno yake yalikuwa yamefika upande wa pili yakiwa maungamo.

Akarudishwa mjini amefungwa kamba. Liwali, mtu mpole aliyekuwa hataki ugomvi na Waingereza kwa sababu ya barua walizochukua kutoka kwa Sayyid, alimwambia baba wazi kwamba mali ni ya Mzungu na neno ni lake. Mzungu akisema huyu ndiye, ataingia gerezani na atapigwa viboko mbele ya watu. Akisema siye, atakwenda nyumbani kula. Basi lililotakiwa lilikuwa moja tu: mtu wa kusimama mbele ya Mzungu na kumfikishia maneno ya kaka yangu bila kuyageuza.

Wahindi wa mjini waliojua Kiingereza kidogo ndio waliokuwa wakimuuzia Mzungu nguo na mchele, wakaomba wasiingizwe. Mapadri wa misheni walisema Kizungu kingine, Kifaransa. Baba akaenda kwa mwalimu, nami nikafuatana naye. Alimwomba kwa adabu kubwa, akamshika mkono. Mwalimu alikuwa anakunja mkeka wake. Alisema yeye ni mtu wa dukani, na mwenye duka hatapenda. Kisha akaniwekea kiganja kichwani.

“Na kwani unanihitaji mimi? Mwanao amehitimu.”

Msomaji, shika maneno hayo. Mimi nimeyashika maisha yangu yote. Baba alitoka pale uso wake umenawiri, akimshukuru Mungu kwamba mbuzi yule hakuliwa bure.

Tulimkuta Mzungu kwenye nyumba aliyopanga, barazani, amenyoosha miguu. Mkalimani alisimama nyuma ya kiti. Kaka aliletwa na askari wa Liwali, midomo imempasuka kwa kiu, na aliponiona akatabasamu. Baba alinisukuma mbele, akamwambia mkalimani kwamba leo hahitajiki, mtoto atasema mwenyewe.  Mkalimani alinitazama kinywa kama mtu anavyotazama nyoka akitoka shimoni.

Kaka alisema polepole ili nisipitwe. “Mdogo wangu, mwambie sikuchukua. Mwambie aliyechukua ni huyu aliye nyuma yake, na mtumba uko Mlingotini. Basi. Si maneno mengi.”

Hayakuwa maneno mengi. Nilifungua kinywa kuyatafuta. Nilikuwa na kitabu kizima kichwani, toka jalada mpaka jalada, na ndani yake sikujua lipi ni “kaka,” lipi ni “siye,” lipi ni “mwongo.” Yalikuwa yamesimama yote pamoja kama ukuta, hata jiwe moja sikuweza kulichomoa. Na watu walikuwa wananingoja. Nikafanya nilichofundishwa. Nikaanza kuyumba, nikasoma ukurasa wa kwanza.

Mzungu alishtuka. Kisha akacheka, si kwa ubaya, akaweka kiko chini. Aliinua kidole, akanikatiza, akalitamka neno moja vizuri zaidi na kuniashiria nirudie. Nikarudia. Akapiga makofi. Nikaendelea ukurasa wa pili, sauti yangu ikipanda, maana nilimwona anafurahi, na kwa ujinga wangu nikadhani labda maana ipo humo na inamwingia. Kaka naye alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila neno. Mikono imefungwa, anatikisa kichwa: naam, ndivyo, naam. Alidhani namtetea.

Mkalimani ndiye peke yake aliyeelewa yote. Hofu ilimtoka usoni ikaja raha.

“Endelea, shehe mdogo,” aliniambia kwa Kiswahili. “Kaka yako anakusikiliza.”

Nilipoishiwa pumzi Mzungu aliingia ndani akatoka na biskuti, akanipa. Akamuuliza mkalimani kitu, akajibiwa. Sijui alijibiwa nini. Pengine aliambiwa kwamba ndugu wa mwizi wameleta mtoto wamfurahishe. Uso wa Mzungu ukakunjamana. Akapunga mkono mara moja, askari wakavuta kamba. Kaka aliondoka akigeuka nyuma, akinitazama mimi, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeuliza jambo na bado anangoja jibu.

Alipigwa viboko uwanjani mbele ya gereza, siku ya soko. Sitaandika zaidi ya hapo.

Jioni ile baba alikwenda tena kwa mwalimu. Hakupaza sauti. Aliuliza tu mwanawe amesoma nini muda wote ule. Mwalimu alijibu kwamba amesoma kitabu, chote, na kwamba baba mwenyewe alilisha watu pilau kukishuhudia.

“Kinasema nini?” baba aliuliza.

 Muhindi mwenye duka alisimamisha mizani yake kusikiliza. Ndipo ikajulikana kwamba mwalimu naye alikisoma Bombei kwa njia ileile, akiyumba, kwa mtu ambaye labda naye aliyumba, na maana haikumjia kamwe. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwamba mvua haikunyesha. Akaongeza kwamba hata Kurani wengi wetu tunaisoma bila kujua maana, na mbona hatulalamiki.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, nami nikiwa bado sina ndevu. Nimeifikiri hoja ile miaka mingi, nami nilipokuwa mwalimu nikawapa wanafunzi wangu waijibu, na jibu langu halijabadilika. Kurani tunaisoma hata tusipoijua kwa sababu maneno yenyewe ni ibada, na anayesikilizwa ni Mwenye kujua kila lugha. Yeye hahitaji mkalimani. Kile kitabu kilikuwa ibada ya nani? Nani aliyekuwa akisikiliza uani kwa Muhindi? Mtu akichukua adabu ya Kitabu cha Mungu akaivisha kitu asichokijua mwenyewe, apate kanzu na sahani yake ya peke yake, huyo si mjinga tu. Na mjinga nitamsamehe. Lakini mtu huyu alijua kwamba hajui. Alipotakiwa kusimama alijua, akamtanguliza mtoto.

Kiingereza cha kusema nilikipata baadaye, Unguja, nikiwa mtumishi wa dukani, kwa kunyooshea vitu kidole na kuchekwa. Niliporudi kaka alikuwa amekwisha kutoka gerezani muda mrefu. Mgongo ulipona. Jina halikupona. Hakuna msafara uliomchukua tena. Watoto walimwita Merikani. Alinikalisha chini akaniomba nimweleze nilisema nini siku ile. Ningeweza kumficha. Nikamwambia ukweli, kwamba nilisema kuku mweupe yuko bustanini, na mtoto mzuri hunawa mikono kabla ya kula.

Alitaka niyarudie kwa Kiingereza. Nikayarudia. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Ulisema vizuri,” alisema. “Nilidhani ni mimi unayenisema.”

Mwaka huo alikwenda bara na Wanyamwezi, peke yake, si kwa kuajiriwa. Tulipata salamu zake mara moja kutoka Tabora, kisha hatukupata tena. Mama alikufa akimtazamia. Mwalimu aliendelea kufundisha uani palepale, na watu wakaendelea kumpisha njiani, na baada ya baba hakuna aliyemuuliza tena kitabu kinasema nini.

Mzungu nimemsamehe, aliona mtoto anasoma, akafurahi. Mkalimani nimemwachia Mola, ambaye mbele yake hapatakuwa na wa kugeuza maneno. Mwalimu nimemwombea kila Ijumaa, kwa sababu dini yangu imeniamrisha, na kila Ijumaa nimeinuka nikijua kwamba moyo haukufuatana na mikono. Namwomba Mungu anisamehe hilo pia. Ni Mwingi wa kusamehe, na mimi ni mwenye madeni.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe elimu unayoijua maana yake. Akuepushe na sifa za kitu usichokiweza. Na siku ndugu yako atakaposimama amefungwa akikutazama mdomoni, Mola akuwekee humo neno lake kamili, na amwekee anayekusikiliza sikio la kulipokea. Amina.