Hatua Ishirini za Kumsindikiza Mchungaji

Nilikuwa nikijisifu kwamba hakuna kitu cha Sweden kitakachonishangaza tena, na leo naona aibu hata kuyaandika haya. Mimi niliyeishia darasa la tano Uvira, nikaja huku nikasugua vyoo vya watu mpaka nikawa na kampuni yangu ya usafi na magari matatu (mawili yanawaka), ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wageni wote wa mtaa wetu wa Hjulsta kuishi na baridi: ikizidi, kaa ndani, funga mlango, tulia.

Jumamosi hiyo mchana ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, nami nimebaki na Imani, mtoto wa binti yangu Neema, miaka miwili. Mchungaji wetu akapita kutusalimia, nikabandika karai la mafuta nimkaangie mandazi (naam, napika, na napika vizuri), lakini akatazama saa, akasema treni itamwacha. Sasa utamuagaje mchungaji mlangoni kama mtoza kodi? Kwetu mgeni husindikizwa. Nikatoka na ndala na fulana.

“Papa Neema, rudi, utaganda!”

“Mimi? Baridi hii inanijua, Mchungaji.”

Hatua ishirini tu, hadi nje ya jengo. Tukaombeana, tukaagana mara tatu kama kawaida yetu, akaenda. Kugeuka, mlango wa jengo umejifunga, funguo ziko ndani, na mafuta yako motoni! Nikagonga madirisha ya watu, masikio yanauma kama yamekatwa, vidole vya miguu sijui viko wapi, mpaka bibi mmoja Mswidi wa ghorofa ya chini akanifungulia, akatazama ndala zangu, akasikia “mtoto” na “mafuta”, akapigia zimamoto papo hapo. Nikapanda ngazi mbio. Mlango wangu, niliouacha wazi kidogo, upepo umeubamiza, ukajifunga.

Nikapiga magoti, nikasukuma kifuniko cha tundu la barua. Harufu ya mafuta yanayoungua ikanipiga usoni, na mbele yangu miguu miwili midogo, na funguo zangu zinaning'inia mkononi mwake.

“Imani, malaika wa babu, pitisha funguo hapa.”

“Nej!” (Kiswidi chake chote ni hilo: hapana.)

“Nitakupa peremende.”

“Nej!”

“Basi kaa hapo hapo, usiende jikoni, sikiliza babu anaimba.”

Nikaimba. Jamani, nimeimba nyimbo za kanisa kwenye tundu la barua, matako juu, machozi yanatiririka, majirani wamejaa ngazini na simu zao, na kila mtoto alipogeukia jikoni niliongeza sauti. Zimamoto wakaja, wakaung'oa mlango kwa chuma, mmoja akawahi jiko. Karai jeusi, moshi hadi darini, bado kidogo tu liwake.

Imani akapiga hatua moja nje, akaninyooshea funguo bila kuombwa.

“Pole, profesa wa baridi,” mke wangu alisema jioni, akiniloweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu.

Siku hizi mgeni namuaga nikiwa ndani, jiko limezimwa, funguo shingoni kama mtoto wa shule, na anayetaka kusema sina adabu aseme. Zimamoto hawakunidai kitu. Mlango mpya ndio niliolipa: kronor za Kiswidi elfu kumi na nne, mia tatu sabini na tano.