Siku Kiberiti Alipolazwa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikaa bure kwenye kitambulisho, halitamkwi na mtu ila makarani. Mji mzima ulimwita Kiberiti. Hilo lilikuwa jina la kijana wa kwenye tamthilia, yule mtukutu aliyelichoma duka la mama yake kwa kunyimwa hela ya kamari, na tangu jioni duka lile lilipoungua kwenye kioo cha runinga, aliyemwigiza hakupata jina lingine. Akipita sokoni, wauza nguo hukusanya vitambaa vyao kwa mbwembwe.

"Jamani, Kiberiti huyo! Ficheni mali!"

Wanacheka, naye anacheka. Mwaka wa kwanza alicheka kwa moyo. Ulipofika wa tisa alikuwa anacheka kwa meno tu.

Kuigiza hakukusomea. Alikuwa muuza viatu vya mitumba, na siku moja mnunuzi wa mavazi wa tamthilia alikuja kutafuta viatu vya kijana asiye na adabu. Wakavutana bei mpaka watu wakajazana. "Kaka, kiatu hiki kimevuka bahari kuja kukuona," alimwambia, "nawe unataka kukichukua kwa bei ya kamba zake?" Mnunuzi akaondoka na viatu pamoja na mwenye viatu. Kumbe aliyeahidi kuigiza sehemu ile alikuwa ameingia mitini, na kamera zilikuwa zinasubiri.

Studio yenyewe ilikuwa ghala la zamani la saruji. Ukifunga mlango kwa nguvu, vumbi hushuka kutoka darini na kukaa kwenye nywele za kila mtu, wakubwa kwa wadogo. Nyumba ya mama yake Kiberiti ilikuwa na kuta tatu za mbao, jiko lisilowaka, na dirisha linalotazama bustani ya kuchorwa. Katika nyumba hiyo alitenda kila uovu ambao mwandishi aliweza kuufikiria akiwa na haraka. Baada ya duka alifungwa, akatoka, akauza kitanda cha mama yake hali mama mwenyewe yuko hospitali. Alimchumbia binti wa hakimu, akamkimbia. Alimsukuma mama ngazini. Ulevi aliuacha mara kadhaa, na kila alipouacha watazamaji walipungua, basi mwandishi akamrudishia chupa mkononi.

Hilo ndilo lililokuwa linamkereketa. Hata mgonjwa wa kweli huruhusiwa kupona. Kiberiti alikatazwa kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa unauzika.

Angeweza kuvumilia, maana kazi ni kazi, lakini alipenda. Alimpenda binti wa fundi saa, ambaye alikuwa fundi vilevile. Baba alishika saa za ukutani na za wanaume, binti akashika zile ndogo za kike ambazo vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kuzikataa. Duka lao lilikuwa jembamba kama korido, na kaunta yenye kioo juu yake. Nyuma ya kaunta kulikuwa na kiti kimoja cha mgeni. Kiberiti alikuwa hajakikalia hata siku moja. Alipokwenda kuposa alisemeshwa akiwa amesimama nje ya kaunta, kama mtu aliyeleta saa isiyotengenezeka.

"Mzee, yale ni maigizo," alisema.

"Mwanangu, mimi si mtoto. Najua ni maigizo." Fundi saa hakuinua jicho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza, kikombe cha kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni. "Lakini kwenye mji wote huu walitafuta mtu wa kumsukuma mama yake ngazini, wakakuona wewe ndiye unafaa. Mbona hawakumchukua mwingine?"

"Mwingine hakufika siku ile."

"Ehe! Huyo aliyekuwa na akili hakufika."

Binti aliyekuwa kwenye meza ya nyuma alisema, "Baba!" Mzee akaendelea bila kugeuka.

"Wateja wananicheka hapa. Mmoja kaniuliza nimeweka bima ya moto kabla sijatoa binti. Sasa sikiliza. Sikukatai, maana hujanikosea. Siku huyo wa kwenye kioo atakapompigia mama yake magoti, mbele ya watu wote walioona alivyomsukuma, njoo na watu wako tuzungumze. Kabla ya hapo, kwaheri."

Mtu mwingine angeona ni upuuzi, akasusa. Lakini huyu alikuwa amelelewa na soko, na soko lilimfundisha kwamba mteja akitaja bei, hata ikiwa bei ya kichaa, amekwisha kukiri kwamba anauza. Alimshukuru mzee, akaenda ofisini kwa mkurugenzi wa tamthilia.

"Sitaki nyongeza," alianza, na mkurugenzi akaacha kuchezea kalamu, maana mtu asiyetaka nyongeza ni mtu wa kuogopwa. "Nataka kitu kimoja. Nimwombe mama radhi. Kweli, nikiwa na akili zangu, bila chupa."

"Halafu wiki inayofuata ufanye nini? Ufagie uwanja?"

"Nitafagia. Watu watanitazama nikifagia."

"Kijana, wewe ndiye nguzo ya kazi yetu. Bila wewe sisi ni nani?" Mkurugenzi aliinuka kabisa, akamshika bega. "Tutaona. Niachie mimi."

Kiberiti alikijua kilemba cha ukoka tangu angali anauza viatu. Na "tutaona" ni neno la mteja aliyekwisha rudisha kiatu mezani. Hata hivyo alitumaini, kwani mapenzi humtoa mtu akili za sokoni.

Skripti iliyofuata ilimletea lori. Kiberiti anavuka barabara, lori linamgonga, analazwa hospitali akiwa amefungwa bandeji uso mzima.

Hapa ni lazima kueleza jambo ambalo watazamaji hawakuwa wakilijua. Katika tamthilia ile mwigizaji hakufukuzwa. Alilazwa. Ukitaka jambo ambalo ofisi hailitaki, unapata ajali, unafungwa bandeji, na mtu yeyote mwenye kimo chako analala kitandani badala yako, hata mlinzi wa geti. Wewe unakaa nyumbani ukifikiri. Ukinyoosha mikono, bandeji zinafunguliwa na uso wako upo. Ukishupaza shingo, zinafunguliwa na uso wa mwingine upo, daktari anasema "tumefanya upasuaji mkubwa," na baada ya wiki moja watazamaji wamezoea. Hivyo ndivyo hakimu alivyokuwa na nyuso tatu. Watu waliojenga ile kazi kwa jasho lao walifutwa kama chaki, na hakuna aliyethubutu kusema kitu kwa kuogopa kitanda.

Safari hii hawakumpa hata muda wa kufikiri. Alipokwenda kuchukua vitu vyake alimkuta kijana mpya kwenye chumba cha kuvalia, mpole, mwenye meno mazuri, amevaa viatu vya Kiberiti. Viatu vilevile vya mitumba.

"Shikamoo, kaka," kijana alisema kwa haya. "Wameniambia wewe umechoka."

"Marahaba. Vinakubana?"

"Kidogo."

"Vitakubana zaidi," alisema, akatoka kabla hajasema neno la kujutia. Kijana hakuwa na kosa. Mwenye njaa haulizi sahani ilikuwa ya nani.

Kwenye korido alikuwa amekaa mwanamke aliyemwigiza mama yake, ambaye kila mtu alimwita Mama wa Kioo. Alikuwa amekwisha zeeka ndani ya ile nyumba ya kuta tatu, na ulimi wake mwongozaji mwenyewe aliukwepa. Ndiye aliyemfundisha Kiberiti kulia bila kukunja uso, na kumsukuma ngazini bila kumvunja nyonga.

"Ndiyo unaondoka kikondoo hivyo?" alimuuliza.

"Nifanye nini, mama? Nipige mtu?"

"Umempiga nani wewe! Nimekulea miaka yote hii, umenichomea duka, umeniuzia kitanda, nimekaa na wewe polisi mpaka kiti kikanichosha. Leo niletewe mtu ananukia marashi niambiwe ndiye aliyetoka tumboni mwangu? Wananiona mimi ni ukuta wa nne?"

"Watakulaza na wewe, mama. Usinitetee."

"Nikutetee nani amesema? Nenda kwako. Na siku ya bandeji usilale mapema."

Siku ya bandeji ofisi iliifanyia tambo. Tamthilia ilikuwa inatimiza miaka mingi hewani, na kiwanda cha sabuni kilichokuwa kinaifadhili kilitaka kishindo, basi mkurugenzi akatangaza kwamba uso wa Kiberiti utafunguliwa moja kwa moja, mubashara, nchi nzima ikiona. Tamaa ilimpofusha. Kila siku ya kazi yake alikuwa na mkasi wa kukata asichokipenda, na siku hiyo aliuweka chini mwenyewe.

Kiberiti alikuwa dukani kwa fundi saa jioni hiyo. Hakwenda kutazama. Alikwenda kuaga, kwa sababu ahadi ya magoti haikuwezekana tena, na hakutaka binti asubiri mtu aliyefutwa. Lakini mzee alikuwa na runinga ndogo juu ya rafu, na wapita njia walikuwa wamejaa mlangoni. Walipomwona walishangilia.

"Kiberiti, uko hapa na kule?"

"Mwacheni, ametoroka hospitali!"

"Mzee, angalia saa zako!"

Alisimama palepale pake, nje ya kaunta. Kwenye kioo, daktari alikuwa anazungusha bandeji taratibu, muziki unapanda. Kipande cha mwisho kikaanguka, na kijana mwenye meno mazuri akatabasamu akasema, "Mama."

Mlangoni watu waliguna. Mama wa Kioo alimwinamia mgonjwa, akamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyovumilika kwenye runinga. Kisha akajinyoosha.

"Huyu si mwanangu."

Daktari alicheka kicheko cha mtu aliyesahau maneno yake. "Mama, tumefanya upasuaji mkubwa..."

"Umempasua na moyo? Mwanangu namjua. Kanichomea duka, kaniibia, kanisukuma, sijalala usingizi kamili tangu nimzae. Lakini ni wangu. Mabaya yake yote nimeyalipia mimi. Mmemficha wapi? Mnachukua mtoto wa mtu mkimaliza kumtumia mnaniletea mwingine, kama mnanibadilishia taa?" Akageuka, akaitazama kamera yenyewe, jambo ambalo haliruhusiwi. "Mrudisheni aje aniombe radhi. Nimeisubiri radhi yangu muda mrefu."

Likaingia tangazo la sabuni.

Hakuna aliyecheka. Muuza ndizi mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Kweli kabisa, wamemficha," halafu wakaanza kupandisha sauti wote kwa pamoja, wakimlaani daktari, wakimlaani mwenye sabuni. Ndipo simu ya Kiberiti ikaita. Alitazama namba, akaiweka juu ya kaunta.

"Nani?" aliuliza fundi saa.

"Mkurugenzi."

"Si upokee!"

"Bado, mzee. Anayekimbilia simu ya kwanza ndiye mwenye shida."

Simu ikakatika, ikaita tena. Mara ya tatu akapokea, akaweka sauti wote wasikie.

"Uko wapi, ndugu yangu?" Mkurugenzi alikuwa anahema. Nyuma yake mlango ulibamizwa, na bila shaka vumbi la saruji lilimshukia. "Unarudi kesho. Yule mwingine tutasema alikuwa tapeli, hadithi safi kabisa. Na magoti yako nimekubali."

Binti wa fundi saa aliinuka kwenye meza yake. Mzee akatoa kikombe cha kioo jichoni.

"Mbele ya mama?" Kiberiti aliuliza.

"Yule mama ametuvunjia heshima mbele ya nchi. Usiku huu anapata mshtuko wa moyo. Utapiga magoti kwenye jeneza. Itakuwa nzuri zaidi! Nchi nzima italia!"

Hapo ndipo alipokuwa amefika: kitu alichokitaka, chote, kimewekwa mezani na kufungwa kwenye karatasi. Mzee alisema siku atakapopiga magoti, hakusema mama awe hai. Angeweza kusema ndiyo, na kesho kutwa angekuwa na watu wake pale kaunta. Mfanyabiashara aliyemo ndani yake alikiona hicho mara moja. Na mfanyabiashara huyohuyo ndiye aliyekasirika kuliko wote, maana alijua kiatu cha upande mmoja akikiona.

"Mwenzenu mmemla akiwa mzima," alisema, na sauti yake ilitetemeka jinsi isivyowahi kutetemeka mbele ya kamera, "sasa mnataka nije kuwanawisha mikono? Yule mama anakaa. Anakaa kwenye nyumba yake, na ninapiga magoti akiwa anaona. Bila hivyo tafuteni tapeli mwingine."

"Usinipangie! Huna kazi wewe, unanisikia? Wewe ni muuza viatu!"

"Ndiyo. Na bei nimeitaja."

Akakata. Watu mlangoni walikuwa wanamtazama fundi saa badala yake. Mzee alikuwa amekunja uso mpaka nyusi zimekutana.

"Kwenye jeneza," alisema polepole. "Mtu anaomba radhi kwa ubao? Hawa watu wana mama kweli?" Alipiga kaunta kwa kiganja, saa zote chini ya kioo zikaruka. "Na mimi ndiye niliyekutuma kwao. Mimi!"

"Baba, umri wako," binti alisema.

"Umri wangu uko wapi? Fungua hapo apite!"

Binti alikuwa amekwisha inua kile kipande cha kaunta cha kupitia. Kiberiti aliingia kwa kujibanza, akakaa kwenye kiti cha mgeni, nacho kilikuwa na mguu mmoja mfupi, jambo ambalo ukiwa nje hulioni. Simu ikaanza kuita tena juu ya kioo, ikitambaa kwa mtetemo kati ya saa mbili zilizofunguliwa.

Alinyoosha mkono. Fundi saa akauweka wake juu ya simu.

"Acha ilie," alisema. "Bado haijaiva."